Chura wa Koo la Miiba katika Msitu wa Ruvu Kusini

Mabasi yatokayo Dar es Salaam kwenda Morogoro na Dodoma hupita Kibaha usiku na mchana. Abiria wengi hawajui kwamba upande wao wa kushoto, nyuma ya maduka ya Maili Moja na mikorosho ya vijijini, kuna msitu wenye mnyama asiyejulikana kuishi kwingine popote duniani. Ni Msitu wa Hifadhi wa Ruvu Kusini. Una ukubwa wa zaidi ya hekta 30,000, nao umelala katika wilaya mbili za Mkoa wa Pwani: Kibaha na Kisarawe. Mnyama mwenyewe ni chura. Ni mdogo kuliko kidole gumba cha mtu mzima, na dume wake ana vimiiba vidogo vidogo kooni. Mwaka 2017 wanasayansi walimtangaza kwa jina la Hyperolius ruvuensis.

Mbawakawa mpya akipatikana katika kisiwa cha mbali, watu hawashangai sana, maana visiwa vya mbali vina mengi yasiyojulikana. Lakini chura huyu ana uti wa mgongo, anaonekana kwa macho bila darubini, na msitu wake haufiki hata mwendo wa nusu siku kwa gari kutoka jiji la Dar es Salaam, ambalo sensa ya 2022 ililihesabia watu 5,383,728. Hata hivyo, hadi mwaka 2017 hakuwa na jina katika kitabu chochote cha elimu ya wanyama. Nilitaka kuona nchi anayoishi, kwa upande wa Kibaha na kwa upande wa Kisarawe.

Safari ya Kibaha huanzia Mbezi, ilipo stendi kuu ya mabasi ya mikoani, ikapita Kibamba na Kiluvya, kisha mji ukaanza. Kibaha ni mji wa shule. Shirika la Elimu Kibaha lilitokana na mradi ulioanza mwaka 1963 kwa ushirikiano wa Tanganyika na nchi za Denmark, Finland, Norway na Sweden, likakabidhiwa kwa Serikali ya Tanzania mwaka 1970. Mradi huo ukazaa Shule ya Sekondari Kibaha, kituo cha wakulima na hospitali ya Tumbi. Wanafunzi wa vipaji kutoka mikoa yote wamesoma biolojia hapa. Nao msitu wa chura wetu hauko mbali.

Ukiacha lami na kushika njia ya Soga, udongo hubadilika kuwa mchanga mwekundu. Vijiji vimezungukwa na mikorosho, miembe, mihogo na mananasi. Soga penyewe reli mbili zinapakana. Ya zamani ilijengwa na Wajerumani kuanzia mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907. Ya kisasa, SGR, ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024. Treni ya umeme ilipita juu ya tuta lake kwa kasi, na muda mfupi baadaye pikipiki mbili zikatupita chini zikielekea barabara kuu. Kila moja ilibeba magunia ya mkaa yaliyofungwa lumbesa, yakiwa yamemzidi dereva kwa kimo.

Hifadhi iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS, na mgeni haingii bila kibali. Mtafiti anahitaji zaidi ya hapo: kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, na ruhusa nyingine iwapo atakusanya wanyama na kusafirisha sampuli nje ya nchi. Mimi sikwenda kukamata chura. Nilikwenda kuangalia, nikifuatana na bwana misitu aliyeijua kila njia ya miguu, na tangu mwanzo alinieleza kwamba tusitarajie msitu wa kuziba jua kama wa Amani au Udzungwa.

Alisema kweli. Misitu ya pwani ni mikavu, na miti mingi hupukutisha majani wakati wa kiangazi. Ruvu Kusini ni mchanganyiko: hapa nyika na nyasi, pale miombo, mbele kidogo kichaka kinene cha miiba, kisha ghafla kipande cha msitu wenyewe, chenye kivuli, kamba za mitambaazi na majani makavu yaliyotandazwa chini. Katika vipande hivyo vya msitu ndimo chura wa koo la miiba alimopatikana. Kwa hiyo eneo lake halisi ni dogo mno kuliko ramani ya hifadhi inavyoonyesha. Hekta elfu kadhaa za nyasi hazimfai.

Miongoni mwa miti ya misitu hii kuna mnangu, unaotoa utomvu uitwao sandarusi. Katika karne ya 19 sandarusi ndiyo iliyoiuza pwani hii kwa dunia. Wazaramo walichimba ardhini vipande vya utomvu wa miti iliyokufa zamani, ambavyo vilikuwa vigumu na vyenye thamani kuliko utomvu mbichi, wakavipeleka kwa wafanyabiashara wa pwani. Kutoka Zanzibar mzigo ulisafirishwa hadi Salem, katika jimbo la Massachusetts nchini Marekani, ukatengenezwa vanishi ya samani na magari ya farasi. Baadhi ya vipande hivyo vina wadudu ndani yake, wakiwemo mbawakawa, mchwa na buibui walionaswa na utomvu ulipokuwa bado majimaji. Vipo mpaka leo katika majumba ya makumbusho ya Ulaya. Wadudu wa msitu wa Waswahili walifika kwenye makabati ya kigeni kabla ya mtu yeyote kuja kuwatafuta wakiwa hai.

Utafutaji wa kweli ulikuja baadaye sana. Kuanzia mwaka 1989 vijana wa shirika la Frontier, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walipiga kambi katika misitu ya pwani mmoja baada ya mwingine, wakiorodhesha miti, ndege, popo, vyura na wadudu. Ruvu Kusini ilikuwa katika orodha yao. Mwaka 2000 Neil Burgess na G. Philip Clarke walihariri kitabu kikubwa kuhusu misitu ya pwani ya Afrika Mashariki, na tangu hapo ikawa wazi kwamba mabaki haya, yanayoanzia kusini mwa Somalia mpaka Msumbiji, yana mimea na wanyama wengi wasiopatikana penginepo.

Chura wa Ruvu ana ndugu, na ndugu zake wengi ni wa milimani. Wa kwanza wa ukoo huu wa koo la miiba alielezwa mwaka 1971 kutoka Mlima Mulanje, Malawi. Mwaka 1982 akafuata wa Mazumbai katika Usambara Magharibi. Mwaka 2015 wakatangazwa watatu kwa mpigo: mmoja wa Usambara Mashariki, Nguru na Uluguru, aliyepewa jina la Burgess, mwingine wa milima ya Livingstone, na wa tatu wa msitu wa Ukwiva katika milima ya Rubeho. Kwa viumbe hawa kila msitu ni kisiwa. Chura wa Rubeho hawezi kutembea bondeni, akavuka nyika kavu na kupanda Uluguru. Msitu ulipotengana na msitu mwingine kwa ukame wa muda mrefu sana, kila kundi lilibaki peke yake, likabadilika taratibu mpaka likawa aina yake.

Ndiyo maana huyu wa Ruvu Kusini aliwashangaza wataalamu. Hakuwa mlimani. Alikuwa nyanda za chini, chini ya mita 300 kutoka usawa wa bahari, katika msitu mkavu unaopakana na mashamba ya mihogo.

Kumtambulisha kwa dunia kulihitaji subira. Chura mpya hathibitishwi kwa sura peke yake. Mtafiti humpima kwa kalipa: urefu wa mwili, upana wa kichwa, ukubwa wa jicho, urefu wa paja na wa muundi. Huangalia ngozi ya koo la dume, umbo la kile kiduara chake na jinsi vimiiba vilivyopangika. Hukata kipande kidogo cha nyama na kukihifadhi ili vinasaba visomwe maabara. Kisha vipimo vyote hulinganishwa na vya ndugu zake waliokwisha kuandikwa, vikiwemo vya vyura waliokaa miaka mingi ndani ya chupa za spiriti kwenye makumbusho. Chura mmoja huteuliwa kuwa kielelezo cha kudumu cha aina hiyo. Kuanzia siku hiyo, mtu yeyote atakayedai amempata tena lazima amlinganishe na huyo.

Kazi hiyo iliongozwa na Christopher Barratt, wakati huo akiwa Chuo Kikuu cha Basel nchini Uswisi, pamoja na Lucinda Lawson, Simon Loader na wenzao. Miongoni mwa waandishi alikuwamo Nike Doggart wa Shirika la Kuhifadhi Misitu ya Asili Tanzania, linalofahamika zaidi kwa kifupi cha TFCG. Walichapisha maelezo yao mwaka 2017 katika Herpetological Journal, jarida la wataalamu wa vyura na wanyama watambaao. Walionyesha kwamba koo la dume wa Ruvu lina umbo na vipimo vyake, na kwamba vinasaba vyake vimetengana na vya wenzake. Walikuwa wamechunguza misitu mingine ya pwani pia, wasimpate. Katika andiko lile lile lililompa jina, walipendekeza awekwe kwenye daraja la viumbe walio hatarini kabisa kutoweka. Alizaliwa katika vitabu akiwa tayari mgonjwa mahututi.

Tulikaa msituni mpaka giza likaingia, kwa kuwa vyura ni watu wa usiku. Mvua za vuli zilikuwa zimeanza na dimbwi la kwanza tulilolifikia lilikuwa na maji ya goti. Juu yake, kwenye tawi, kilining'inia kiota cheupe cha chura wa povu, ambaye hupiga ute kwa miguu mpaka uumuke, akataga ndani yake ili viluwiluwi vikikua vidondoke majini. Kelele zilitoka kila upande: wengine kama kengele ndogo, wengine kama mlango mkavu unaofunguliwa.

Ukoo wa koo la miiba hauimo katika ngoma hiyo. Madume wa vyura wa matete kwa kawaida hujaza hewa koromeo na kuita majike, lakini hawa wa koo la miiba hawana mwito huo. Wanasayansi wanaofuatilia ukoo huu wanadhani vile vimiiba ndivyo vinavyofanya kazi ya sauti: jike hutambua dume wa aina yake kwa kumgusa kooni. Mwaka 2023 Lawson na Loader, safari hii wakiwa na John Lyakurwa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Christoph Liedtke, walitangaza ndugu mwingine asiyelia kutoka milima ya Ukaguru, Hyperolius ukaguruensis. Walimpata walipokwenda kumtafuta chura mwingine adimu, Churamiti maridadi, ambaye alielezwa mwaka 2002 kutoka milima hiyo hiyo.

Ukimya huo una gharama. Katika misitu ya pwani kuna mnyama mwingine aliyegunduliwa kwa njia iliyo kinyume kabisa: komba wa Rondo, mwenye uzito wa gramu 60 hivi, aliyeelezwa mwaka 1997. Komba wadogo wanafanana sana kwa sura, na watafiti walimtofautisha huyu kwa sauti yake ya usiku. Mtu akiwa na kinasa sauti anaweza kujua komba huyo yupo bila kumwona. Kwa chura wa Ruvu hakuna njia ya mkato. Lazima atafutwe kwa tochi, jani kwa jani, katika msimu wa mvua, kando ya dimbwi linaloweza kukauka wiki chache baadaye. Msitu ukikatwa wakati wa kiangazi, hakuna atakayesikia kwamba ameondoka.

Na msitu unakatwa.

Asubuhi yake tulilikuta tanuri la mkaa ndani ya hifadhi, limepoa siku si nyingi. Wachomaji walikuwa wamepanga magogo, wakayafunika kwa nyasi na udongo, wakayawasha na kuacha yaungue polepole kwa siku kadhaa, wakilinda usiku ili moto usipasue udongo na kula kuni zote. Palipokuwa na miti palibaki duara jeusi, visiki vya kimo cha goti na njia mpya ya pikipiki. Tanuri la namna hii hupoteza sehemu kubwa ya kuni: mara nyingi mkaa unaotoka haufiki asilimia 20 ya uzito wa magogo yaliyoingia.

Kwa chura, kukatwa kwa mti ni mwanzo tu wa madhara. Jua hufika chini, majani yaliyoanguka hupoteza unyevu, dimbwi hufupisha umri wake. Nyasi huingia penye uwazi, na nyasi huvuta moto kila kiangazi. Ndugu zake waliochunguzwa zaidi hutaga mayai kwenye majani yaliyoinamia maji. Bila jani lenye unyevu juu ya dimbwi lenye maji, hakuna kizazi kingine.

Mwendo wa uharibifu huu umepimwa. Mwaka 2010 Antje Ahrends na wenzake walichapisha, katika jarida la Akademi ya Taifa ya Sayansi ya Marekani, utafiti wa misitu inayoizunguka Dar es Salaam. Waligundua kwamba uharibifu husambaa kutoka jijini kwa mawimbi. Wimbi la kwanza ni la mbao za thamani kama mvule, mninga na mkongo. Likipita, hufuata wimbi la mbao hafifu, kisha la mkaa. Kati ya mwaka 1991 na 2005 mpaka wa mkaa ulisogea kutoka kilomita 20 hadi 50 kutoka jijini, yaani kilomita mbili hivi kila mwaka, na wimbi la mbao za thamani lilikwenda kilomita tisa kwa mwaka. Ruvu Kusini iko njiani kabisa mwa mawimbi hayo.

Anayeyasukuma si mchoma mkaa peke yake. Mtu wa kijijini huuza gunia kwa bei ndogo ili anunue unga, daftari na sabuni. Faida kubwa hupatikana mbele ya safari. Ripoti ya Benki ya Dunia ya mwaka 2009 ilieleza kwamba kaya za Dar es Salaam zinazopikia mkaa ziliongezeka kutoka asilimia 47 mwaka 2001 hadi asilimia 71 mwaka 2007, na kwamba takriban nusu ya tani milioni moja za mkaa zilizotumika nchini kwa mwaka ziliishia jijini humo. Jiji hilo hilo linakunywa maji ya mto Ruvu, yanayoanzia milima ya Uluguru na kusafishwa katika mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini. Mkazi wa Tabata au Mbagala anaweza kupika wali kwa maji ya Ruvu na mkaa wa Ruvu asiwahi kuiona Ruvu yenyewe.

Nilirudi Dar es Salaam na kuingia Kisarawe kwa njia ya Gongo la Mboto. Barabara hupita Pugu, ambako Julius Nyerere alifundisha mpaka mwaka 1955 alipoacha ualimu ili aiongoze TANU, kisha hupanda kuelekea vilima vya Kisarawe na shule ya Minaki. Hapo unakutana na Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Pugu-Kazimzumbwi, kipande cha msitu wa pwani kilichobaki mlangoni mwa jiji. Komba wa Rondo anaishi humo. Sange mwenye rangi nyekundu na nyeusi, mnyama mwenye pua ndefu kama mrija, hupekua majani makavu humo kutafuta mchwa na mbawakawa. Siku hizi watu wa jijini huja kutembea, kupiga kambi na kupanda baiskeli, na viingilio vyao vimeupa msitu thamani inayoonekana hata kwa asiyejali viumbe.

Ruvu Kusini haina wageni wa namna hiyo. Kutoka Kisarawe mjini njia huingia ndani mpaka Mzenga, ambako reli ya TAZARA inapita. Huko nilimwamkia mzee mmoja wa Kizaramo aliyekuwa amekaa barazani akisuka kapu. Nilipomuuliza habari za msitu, hakuanza na wanyama. Alianza na miti ya kuchonga. Wazaramo ni mabingwa wa uchongaji, na mwanahiti wao, kile kinyago kidogo anachopewa mwali awekwapo ndani, kinajulikana katika makumbusho ya dunia. Alisema mpingo mzuri sasa hupatikana mbali, na kwamba wajukuu wake wanaujua mkongo kwa jina tu. Nilipomweleza habari za chura mwenye miiba kooni, alitaka kujua kama anafaa kwa dawa. Nikamjibu kwamba umuhimu wake ni kwamba yuko kwao peke yao. Akanyamaza kidogo, kisha akasema hilo lilipaswa kuelezwa kwenye mkutano wa kijiji.

Mzee yule yuko sahihi, na Tanzania inajua jina la chura linavyoweza kubadili mambo. Mwaka 1996, wakati wa ujenzi wa mradi wa umeme wa Kihansi chini ya milima ya Udzungwa, wataalamu walikuta chura mdogo wa manjano aliyeishi ndani ya manyunyu ya maporomoko, katika eneo la hekta chache tu. Maji yalipoelekezwa kwenye mitambo mwaka 2000, manyunyu yalipungua. Mwishoni mwa mwaka huo vyura 499 walipelekwa Marekani kutunzwa. Mwaka 2003 waliobaki korongoni walikufa kwa ghafla, na mwaka 2009 chura wa Kihansi akatangazwa kuwa ametoweka porini. Serikali iliweka mabomba ya kunyunyizia maji korongoni, kituo cha kuwatunza kikajengwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 vyura wa Kihansi walianza kurudishwa kwao. Yote hayo yaliwezekana kwa sababu chura yule alikuwa ameandikwa na kupewa jina kabla hajamalizika.

Tofauti ni kwamba mlinzi wa Kihansi alijua bomba gani afungue. Ruvu Kusini haina bomba. Ina barabara nyingi za kuingilia na soko kubwa jirani.

Hata hivyo njia zipo, na zimejaribiwa nchini. Kilosa, tangu mwaka 2012, TFCG na mtandao wa jamii wa MJUMITA wamesaidia vijiji kutenga sehemu ya misitu yao ya vijiji kwa mkaa, kukata kwa zamu na kuacha visiki vichipue, na ushuru ukabaki kijijini kujenga madarasa na zahanati. Mwaka 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, wenye lengo la kufikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Kila mtungi wa gesi au jiko la umeme linalofika Kinondoni, Temeke na Ubungo ni gunia moja pungufu kwenye pikipiki za Soga. Lakini mkakati wa miaka kumi ni mrefu kwa mnyama mwenye vipande vichache vya msitu. Doria, mipaka iliyo wazi na vijiji vinavyonufaika na hifadhi vinahitajika sasa.

Kuna jambo jingine ambalo safari hii imenionyesha. Chura ni mnyama mkubwa katika ulimwengu wa viumbe wadogo. Ikiwa yeye alingoja mpaka mwaka 2017, vipi wale wanaotambaa chini ya gome na ndani ya kinyesi cha nyani? Dunia imekwisha kuwapa majina mbawakawa wa aina zipatazo 400,000, na kila mwaka wanaongezeka wapya. Chini ya gogo moja lililooza Ruvu Kusini, bwana misitu alinionyesha mbawakawa weusi, wa kahawia na mmoja wa kijani kinachong'aa kama shaba iliyopakwa mafuta. Hakuna aliyekuwapo pale aliyeweza kuwataja. Kazi hiyo inangoja vijana wetu, na haihitaji kusafiri kwenda kisiwa cha mbali.

Kwa hiyo ninawaomba walimu wa biolojia wa Kibaha na Kisarawe wamwingize Hyperolius ruvuensis darasani. Mchoreni ubaoni, waelezeni wanafunzi kwamba ni wa wilaya yao, wapelekeni kwa kibali cha TFS wakauone msitu wake mvua zinaponyesha. Halmashauri mbili ambazo msitu huu umo katika maeneo yao zimtaje katika mipango yao na katika mikutano ya vijiji, kama mzee wa Mzenga alivyotaka. Nasi tunaopika Dar es Salaam, kila tunapoweza kununua gesi badala ya gunia, tununue gesi. Chura huyu ana makazi mamoja tu yanayojulikana duniani, na sisi ndio majirani zake.